Pesa za blogu: mbona vijana wetu wanaanzia mwisho?

Kwa Mhariri,

Asalaam aleikum na pole na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na nasema mapema hii barua ni ndefu, ukiona imezidi kata unapotaka ila tafadhali usikate pale pa gesti manake hapo ndo penyewe.

Mimi niko Lamu mjini, mtaa wa Langoni, nina kaduka ka saiba, naprinti, naskani, nawajazia watu mambo ya eCitizen (huduma za serikali mtandaoni) na KRA (watu wa ushuru), na jioni kukipoa naandika kwenye tovuti yangu habari za safari za huku kwetu. Sasa kwa ajili ya hiyo tovuti vijana wananijia kila mara, ami naomba unifungulie blogu, haya kaa hapa, na kompyuta haijawaka vizuri swali la pili lishafika, ami AdSense, hayo matangazo ya Google, wanalipa lini? Ataandika nini bado hajui, jina la blogu hana, lakini siku ya mshahara ashaiuliza. Siwalaumu sana. Kazi hakuna, na magrupu ya WhatsApp yamejaa watu wanauza kozi za kutengeneza dola ukiwa umelala, skrini shoti za benki hizo, picha ya gari hiyo, lipa uingie grupu la VIP. Sitamtaja mtu. Nauliza tu, kama blogu yake yaleta dola akiwa amelala, mbona saa saba za usiku yuko macho anatubembeleza tununue kozi?

Pesa kwenye blogu zipo, hilo sibishi, mimi mwenyewe nazipata, hazijanifanya tajiri lakini bando na stima zajilipa na kinabaki cha sokoni. Ninachobishana nacho ni mpangilio. Vijana wanafundishwa waanze na matangazo ya Google halafu mengine yatakuja, na mimi nasema kwa mtu anayeanza leo akiwa Amu (ndo Lamu yetu hii), Malindi au Watamu, matangazo ndo yawe ya mwisho kabisa.

Hebu tupige hesabu. AdSense ni mpango wa Google, upo tangu 2003, unaweka msimbo wao, yaani code, kwenye tovuti yako, wao wanaleta matangazo, anayetangaza analipa, Google inachukua chake na wewe unapata chako. Zamani watu walizungumzia kubofya tu, tangazo likibofywa ndo pesa, lakini tangu 2024 Google imehamia kulipa zaidi kwa tangazo kuonekana. Na hawakutumii chochote mpaka zifike dola 100. Sasa tuchukulie tovuti yako yaingiza dola moja kila peji elfu zikifunguliwa, nasema tuchukulie, kuna wanaopata zaidi na kuna wanaopata chini ya hapo, yategemea msomaji yuko nchi gani na anasoma habari gani. Kwa kiwango hicho ili ufike dola 100 wataka peji laki moja zifunguliwe. Kaunti nzima ya Lamu kwenye sensa ya 2019 tulihesabiwa watu 143,920, kuanzia Mpeketoni hadi Kiunga, wazee na watoto wachanga wote ndani. Yaani zaidi ya thuluthi mbili ya kaunti wafungue blogu yako, kila mtu peji moja, ndo upate dola 100 za kwanza. Ukimwambia kijana hivi anacheka, halafu anauliza tena, lakini si zitafika tu ami? Zitafika inshallah, swali ni utakuwa umekula nini kabla hazijafika.

Na hata ukikubaliwa AdSense kuna mambo ambayo muuzaji wa kozi hasemi. Mapato yakifika dola 10 Google yatuma barua ya karatasi, kwa posta, ndani yake mna namba ya kuthibitisha anwani yako. Ukipitisha miezi 4 hujaiingiza hiyo namba, matangazo yanazimwa. Sasa huku kwetu nani ana sanduku la posta siku hizi? Vijana wanaandika "karibu na msikiti, nyumba yenye mlango wa kuchonga," na nyumba yenye mlango wa kuchonga Amu ni zote. Tumia sanduku la shule au la ofisi ya mzee wako, kwa ruhusa, andika namba ya sanduku sawasawa na 80500 kama ni Lamu, 80200 kama ni Malindi, halafu ukaulize posta mwenyewe mara kwa mara usingoje kuitwa. Wa chini ya miaka 18 nao hawaruhusiwi kufungua kwa jina lao, lazima mzazi, na wengi wanaokuja kwangu ni watoto wa fomu tatu.

Halafu hii habari ya nibofyee nikubofyee. Kuna magrupu kabisa ya kazi hiyo, kila mtu anaweka linki yake wengine wanaingia kumbofyea matangazo, ati ni kusaidiana. Google wanaona. Ukibofya matangazo yako mwenyewe au ukiomba jamaa wakubofyee akaunti inafungwa, na ikifungwa kwa kosa hilo kuirudisha ni kazi kweli kweli.

Basi tuache matangazo nije kwa gesti.

Mji wetu ni wa urithi wa dunia, UNESCO waliuandika 2001, na magofu ya Gede kule karibu na Malindi nayo yameandikwa 2024. Wageni wanaopanga kuja wanauliza maswali chungu nzima kwenye intaneti na majibu mengi wanayoyakuta yameandikwa na mtu aliyekaa Amu siku mbili akala kamba akaondoka. Mgeni anataka kujua ndege yatua wapi, manake tiketi imeandikwa Lamu lakini uwanja uko Manda na lazima avuke kwa boti. Anataka kujua akija na basi kupitia Malindi, Garsen na Witu atashushwa wapi, ni Mokowe, na hapo tena kuna boti. Akifika na sanduku zito nani atambebea kama gari hakuna. Kutoka mjini kwenda Shela kwa miguu ni mbali? Kama kilomita 3, yatembeleka, ila maji yakijaa sana ile njia ya ufuoni inasumbua. Na magofu ya Takwa kule Manda je? Takwa boti yaingia kwenye ile mikoko maji yakiwa yamejaa, ukikosea saa utakaa na nahodha mnatazamana. Ramadhani mahali pa kula mchana papo? Mwezi wa sita hali ya bahari ikoje na kusi limepamba moto, hoteli zipi zimefunga?

Mambo haya mtoto wa Amu anayajua bila kufungua kitabu, na ndo bidhaa yake. Muuzaji wa kozi anamwambia aandike "njia kumi za kupata utajiri" au habari za wasanii wa Marekani, sasa huko atashindana na nani na kwa nguvu gani?

Sasa sikiliza pesa inavyoingia. Mwenye gesti ya vyumba vitano hapa mjini, mara nyingi wageni wake wanakuja kupitia tovuti kubwa za kuhifadhi vyumba, na Booking.com kwa mfano hukata kamisheni mara nyingi karibu asilimia 15. Chumba cha elfu tano usiku mmoja, mgeni akalala siku nne ni elfu ishirini, elfu tatu imeenda. Wewe kijana una peji moja tu iliyoandikwa vizuri, "kufika Lamu kwa basi na kulala bila gharama kubwa," inasomwa na watu ishirini kwa siku, ishirini tu, lakini wote ishirini wanapanga kuja. Nenda kwa huyo mwenye gesti, mwamkie, kaa, kunywa kahawa, mwambie nitakuletea mgeni unipe asilimia 10. Anaokoa elfu moja, wewe wapata elfu mbili, na mgeni mmoja kakuletea kile ambacho AdSense kwa hesabu yetu ya juu kitataka peji zaidi ya elfu kumi. Hii ndo sababu nasema mwanzoni usihesabu wasomaji, angalia nani anasoma na anataka kufanya nini baada ya kusoma.

Vijana wananiuliza, na akinidhulumu? Akisema huyo mgeni alikuja mwenyewe? Swali zuri. WhatsApp ina linki za kubofya ambazo zinafungua chati na ujumbe ushaandikwa tayari, zile zinazoanza na wa.me, unaweka maneno kama "nimetoka kwenye tovuti ya fulani, naulizia chumba," kwa hivyo ujumbe wa kwanza tu ushasema umetoka wapi. Ama linki ielekee kwa namba yako wewe, umpokee mgeni umpitishe kwa mwenye gesti. Na mandikiane, hata karatasi moja, kamisheni ni ngapi na inalipwa lini, mgeni akifika au akiondoka. Amu tunajuana wote, na kwa sababu hiyo hiyo watu wanaona haya kuandikiana, halafu baadaye wanapitana njiani bila salamu.

Manahodha vilevile. Mtu ana jahazi zuri, anajua Manda Toto na Kipungani kama sebule yake, lakini mgeni anampataje? Kwa kuvizia gatini. Mwandikie peji yake, picha nzuri, safari inachukua saa ngapi, chakula kimo au hakimo, makoti ya kuokolea yapo. Tahadhari moja hapa, na naomba isikatwe pia. Ukibaki kuelekeza tu wageni kwa wenye kazi hiyo ni jambo moja, lakini ukianza kupanga safari mwenyewe, unauza paketi na pesa zinaingia kwako, hapo umekuwa kampuni ya utalii na wanaosimamia leseni ni Tourism Regulatory Authority. Usingoje mtu akuulize leseni ukiwa na Wazungu kumi kwenye mashua.

Kuna pesa nyingine iliyo karibu zaidi ambayo vijana wanaidharau, ati si ya blogu. Ukishajua kujitengenezea tovuti wewe ushakuwa fundi. Gesti ngapi hapa hazionekani kwenye ramani ya Google, au zinaonekana na namba ya simu ya meneja aliyeondoka zamani? Google Business Profile ni bure, kazi ni kukaa chini na mwenye biashara, kuweka picha, saa, namba, kuthibitisha, kuwajibu wageni walioandika maoni. Mtu atakulipa kwa hilo, na kila mwezi atakulipa kidogo uendelee kumwangalizia. Menyu ya mkahawa kuandikwa Kiingereza kinachoeleweka, hiyo pia kazi. Blogu yako ndo inaonyesha unaweza, huhitaji cheti. Mimi pesa yangu ya kwanza ya mtandao ilitoka hapa na bado ndo kubwa kuliko zote.

Kuhusu afilieti, yaani kuweka linki ya bidhaa ya mtu mwingine na ukapata kamisheni ikinunuliwa, ni njia nzuri lakini wanaiweka kichwa chini. Amazon wana mpango huo tangu 1996, unajiunga bure, ila usipoleta mauzo 3 ndani ya siku 180 za kwanza wanakuondoa, itabidi uombe tena. Sasa naona kijana anaandikia Wakenya halafu anaweka linki za friji za Amazon. Nani Kenya ataagiza friji Amazon? Kama waandikia wageni wanaojiandaa kuja, hapo sawa, mwambie aje na viatu vya kukanyagia matumbawe, begi lisilopitisha maji la kuwekea simu kwenye mashua, tochi ya kichwani manake stima yaweza kupotea na vichochoro vyetu ni giza, na kila kimoja kina linki. Na sema wazi kwenye peji kwamba ukinunua kupitia hapa mimi napata kitu. Hao Amazon wenyewe wanataka useme.

Lugha. Hapa nina maoni ambayo wenzangu wengi hawayapendi. Ukiandika Kiingereza unapata wasomaji wa dunia lakini washindani nao ni wa dunia. Malindi wana kitu ambacho sisi Amu hatuna, Kitaliano. Kule kijana aliyekulia ufuoni anazungumza Kitaliano kuliko Kiingereza cha shule, kuna mabichiboi wa Malindi na Watamu wanaongea mpaka Mtaliano mwenyewe anashangaa, na hakuna anayewaambia kwamba hicho ni kipaji cha kuandikia. Kurasa za Kitaliano kuhusu makorongo ya Marafa, kuhusu lini uende mbuga ya bahari ya Malindi ili upate maji yametoka vizuri, kuhusu kutoka uwanja wa ndege hadi Watamu, zilizoandikwa na mwenyeji, utazikuta ngapi? Sarufi ikisumbua mpe Mtaliano mmoja unayemwamini asome kabla hujaposti, malipo yake ni samaki wa kupaka.

Na Kiswahili je? Mimi naandika Kiswahili na nakipenda, lakini nisidanganye watu, wenye kutangaza kwa wasomaji wa Kiswahili ni wachache kuliko wa Kiingereza. Palipo na pesa ya Kiswahili ni pale unapouza kitu chako moja kwa moja. Mapishi ya pwani yana wasomaji waaminifu, watu wetu walioko Ghuba na Uingereza wanatafuta mkate wa sinia, vibibi, mahamri yanayovimba sawasawa, na wanataka vipimo si "tia unga kiasi." Dada mmoja akikusanya mapishi thelathini ya bibi yake kwenye PDF akaiuza shilingi mia tatu kupitia Pochi la Biashara au Till za M-Pesa, watu mia moja tu washampa elfu thelathini, na hakumwomba Google ruhusa. Lakini ajue kupiga picha, wallahi, pilau nzuri ikipigwa picha kwa taa ya jikoni usiku yaonekana kama udongo.

Sasa kuna pesa chafu kidogo nizitaje. Blogu ikianza kuonekana utaletewa imeli, hujambo mpenzi mwenye tovuti, tungependa kuweka makala yetu kwako tukulipe dola kadhaa, ukisoma vizuri makala ni ya kubeti au mikopo ya ajabu na ndani kuna linki. Dola hizo ni za kweli, wanalipa. Ila Google ina sheria, linki ya kulipwa lazima iwekewe alama kwamba ni ya kulipwa, na hao wa imeli watakuambia usiweke alama, ndo maana wanalipa. Ukikamatwa tovuti inazama kwenye matokeo ya utafutaji na wageni wako wa gesti wanapotea nao. Tena mimi binafsi siwezi kuweka kamari kwenye tovuti ambayo imamu wa mtaa anaisoma, lakini hilo kila mtu na lake.

Kuna na jambo la hizi programu za akili bandia, kijana anabofya mara moja anapata makala hamsini kuhusu Lamu, anaziweka zote usiku mmoja. Machi 2024 Google ilitangaza sheria dhidi ya kumwaga kurasa kwa wingi zisizomfaa msomaji, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu. Na hata bila sheria, siku hizi ukiuliza swali jepesi Google yenyewe inakujibu pale juu na msomaji habofyi tovuti ya mtu. Kwa hivyo "historia fupi ya Lamu" haina pesa tena kwa mwandishi mdogo. Bei ya boti ya wiki hii Mokowe, gati gani linakarabatiwa, Maulidi ya mwaka huu vyumba vimeanza kujaa au bado, hayo mashine haijui mpaka wewe uandike, na wewe wayajua kwa sababu umepita hapo asubuhi ukienda kununua mbaazi. Tumia hizo programu kurekebishia Kiingereza, sawa, lakini habari iwe yako. Na picha ziwe zako, usichukue za mtu, na usipige mama wa watu kwenye baraza bila kumuomba, wengine ndo maana wanaichukia hii kazi yetu.

Gharama za kuanza sitazisemea sana. Blogger ya Google ni bure na inaruhusu AdSense siku ukiitaka. WordPress ziko mbili, watu huchanganya, ile ya WordPress.com ya bure wao ndo wanaweka matangazo yao na wewe hupati kitu, na ile programu ya WordPress yenyewe ya bure unayoiweka kwenye hosti unayolipia, yaani kampuni inayokuhifadhia tovuti. Anza na ya bure lakini nunua jina lako, la .co.ke halina bei ya kutisha, lipia kwa jina lako wewe mwenyewe na imeli yako wewe mwenyewe, sio la fundi. Nimeona tovuti za watu zimeshikwa mateka na fundi aliyehamia Nairobi.

Malipo ya nje yana njia zake. AdSense wanatuma benki, huwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, na benki hukata chake kupokea kwa hivyo uliza kabla hujafungua akaunti. PayPal yaunganishwa na M-Pesa tangu 2018, kwa wageni wanaotaka kulipa amana ya chumba hiyo inasaidia. Na kodi jamani, kodi. Tangu Julai 1, 2023 anayekulipa kwa kazi za maudhui ya mtandaoni anatakiwa akate asilimia 5 aipeleke KRA, na sheria imetaja matangazo, udhamini, afilieti na mengineyo, ilikuwa inapendekezwa 15 watu wakapiga kelele ikashuka. Kwa hivyo kampuni ya hapa ikikulipa kwa tangazo na ukaona pungufu usigombane nao, angalia kwenye iTax yako, ile tovuti ya KRA, cheti cha makato kama kimefika, na returni ufanye mapema. Msije wote kwangu Juni 30 usiku, kila mwaka foleni inatoka nje mpaka njiani na punda hawapiti.

Ombi langu kwako mhariri ni dogo. Gazeti lako mnawaandika sana vijana waliofaulu mtandaoni, siku nyingine mtuwekee na hesabu zao, pesa ilitoka wapi hasa, kwa tangazo, kwa kamisheni au kwa kozi wanazouza wenzao, manake hizo ni biashara tatu tofauti na picha ya mtu ameshika laptopu haionyeshi ni ipi.

Na kama kuna msomaji wa Malindi au Watamu anayeandika kwa Kitaliano na ashalipwa, iwe na hoteli au na matangazo, naomba aandike hapa kwenye barua atuambie wenye nyumba wa kule wanatoa asilimia ngapi, huku kwetu wameanza kushuka kwenye 10 wanataka kutupa 7, nataka nijue kama niwakatalie.

Wako msomaji,
Ami wa saiba,
Langoni, Lamu